Mgeni mmoja, ukumbi mmoja: tumpe mhadhara mkuu, kikao cha waalikwa au mada yenye wachangiaji?

Kamati za maandalizi ya mikutano ya takwimu huku Nyanda za Juu Kusini zinafanana kwa jambo moja: swali la kwanza mezani huwa "tumwite nani?" Majina yanatajwa. Mmoja anasema alisoma naye Dar es Salaam, mwingine anasema yule profesa ni mzuri ila hajibu barua pepe, na kikao kinafungwa mtu akiwa ameshateuliwa bila yeyote kujua atakuja kufanya nini. Barua inaandikwa: "Tunakualika kutoa mada kuu." Mgeni anakuja na slaidi alizokwisha kuzitumia kwingine, anazungumza, anapigiwa makofi, anapelekwa kuona Ziwa Ngosi, anaondoka.

Mimi ningeanzia upande wa pili. Chagueni kwanza aina ya mhadhara, ndipo mtafute mtu anayeufaa. Aina ndiyo inayoamua nani anafaidika, fedha zinakwenda wapi, na kama mwanafunzi wa uzamili aliyekaa safu ya nyuma ataondoka na kitu zaidi ya mkoba wenye nembo ya mkutano. Haya nayaandika kwa ajili ya idara ndogo za Mbeya, Iringa, Njombe na Songea, zenye uwezo wa kumlipia nauli na malazi mgeni mmoja wa mbali, labda wawili, na ukumbi wa watu mia au pungufu. Wenye mikutano ya watu elfu kadhaa wana matatizo yao mengine.

Mhadhara mkuu

Huu ni ule ambao watu wote wako ukumbini na hakuna kingine kinachoendelea. Mzungumzaji mmoja, dakika 45 hadi 60, maswali mawili matatu mwishoni. Nguvu yake ni upana. Mtu aliyelifanyia kazi jambo moja kwa miaka mingi anaweza kuwaonyesha watu wa fani tofauti lilikotoka na linakoelekea, kazi ambayo mtoa mada wa dakika 15 haiwezi hata akizungumza kwa kasi ya mnada.

Takwimu yenyewe imepata mengi kwa njia hii. Mwaka 1977 Bradley Efron wa Stanford alipewa mhadhara wa Rietz, ambao hutolewa na jumuiya ya watakwimu wa kihisabati, IMS. Alieleza wazo la kuchota sampuli upya, tena na tena, kutoka kwenye data ileile uliyonayo, ili upime makadirio yako yanayumba kiasi gani. Makala yake ilichapwa 1979, na leo mwanafunzi wa Mbeya anaiendesha hesabu hiyo kwenye kompyuta mpakato yake kwa mistari michache ya kodi. Mtakwimu George Box naye, katika mhadhara wa 1974 uliopewa jina la Ronald Fisher, mtakwimu wa Uingereza, na uliochapwa miaka miwili baadaye, ndipo alipoiweka ile hoja kwamba modeli zote zina makosa, hivyo kazi ya mtafiti ni kujua kosa lipi ni la hatari. Akasema haifai kuhangaika na panya wakati chui milia wako nje.

Ila wasikilizaji wa Efron na Box walikuwa tayari ndani ya mjadala. Walikuja wakijua swali, wakasikia jibu. Ukumbi wetu una mwalimu wa hisabati wa sekondari, afisa mipango wa halmashauri, mtafiti wa mbegu, muuguzi anayesomea afya ya jamii, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyeambiwa mahudhurio yana alama. Mhadhara mmoja wa saa nzima kwa kundi hilo lazima uwe mwepesi mno au mzito mno, na wageni wengi huchagua wa pili kwa sababu ndio walio nao kwenye flashi.

Halafu kuna suala la saa. Huku kwetu mhadhara mkuu huwekwa asubuhi ya siku ya kwanza, na hapo hukutana uso kwa uso na protokali. Usajili saa mbili, unaoanza saa tatu. Wimbo wa taifa. Utambulisho wa meza kuu, kila mmoja na cheo chake kamili. Neno la ukaribisho. Mgeni rasmi bado yuko njiani. Mgeni rasmi amefika, tusimame. Hotuba ya ufunguzi. Picha ya pamoja nje, kwa makundi: wenyeji, wageni, wadhamini, wanafunzi, kisha wenyeji tena kwa sababu kuna mkuu wa idara aliyekosekana. Chai. Saa tano na nusu mshereheshaji anamsogelea profesa aliyesafiri siku nzima na kumnong'oneza, "Profesa, tunaomba utusaidie kwa dakika ishirini tu." Profesa anaruka slaidi. Inayorukwa ni data. Kinachobaki ni utangulizi na shukrani.

Kama mmeshaamua lazima uwepo, uwekeni siku ya pili, saa tatu kamili, meza kuu ikiwa imeshaondoka na magari yake. Hilo peke yake linaongeza thamani ya mhadhara kuliko kubadilisha mzungumzaji.

Kidogo kuhusu kuupa mhadhara jina la mtu, maana siku hizi kila mkutano unataka wa "kumbukumbu ya fulani". Mhadhara wa Fisher ulianzishwa na kamati ya pamoja ya jumuiya za watakwimu wa Marekani na Kanada mwaka 1963, ukawa miongoni mwa heshima kubwa za fani. Mwaka 2020 kamati hiyohiyo ililiondoa jina, kutokana na misimamo ya Fisher kuhusu kuboresha kizazi cha binadamu kwa kuchagua nani azae. Hakuna aliyeukana mchango wake kwenye majaribio ya mashambani, lakini jina halikukaa. Idara changa isiwe na haraka ya kuchonga majina.

Kikao cha waalikwa

Hapa hamwaliki mtu, mnaalika mada. Mratibu mmoja anabuni hoja, anatafuta wazungumzaji watatu au wanne wa kuishughulikia kutoka pande tofauti, na wote wanagawana muda. Katika mkutano mkubwa wa kila mwaka wa watakwimu wa Marekani, kikao cha namna hii hupewa saa moja na dakika 50. Mikutano ya Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu, ISI, ile inayofanyika kila baada ya miaka miwili, nayo imejengwa juu ya vikao vya waalikwa kuliko juu ya nyota mmoja mmoja.

Kwa mfuko wetu hii ina mvuto wa wazi. Nauli ya mgeni mmoja kutoka Ulaya inawaleta watatu wa ndani: mmoja kutoka Dodoma yaliko makao makuu ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mmoja kutoka Dar es Salaam, mmoja anapanda basi Iringa asubuhi na mchana yuko Mbeya. Na wa ndani anajua anachokisema. Mtu aliyeshiriki kupanga maeneo ya kuhesabia watu kabla ya sensa ya Agosti 2022 ana mambo ya kusimulia ambayo profesa wa mbali hana, hata awe na machapisho kiasi gani.

Hoja nzuri za huku hazihitaji kutafutwa kwa tochi. Chukueni biashara ya mpakani Tunduma. Kuna watu wanavuka na magunia, wengine kwa baiskeli, na hakuna orodha ya wafanyabiashara hao popote. Utachotaje sampuli ya watu wasio na orodha? Mmoja aeleze kuhesabu wapitaji kwa vipindi vya saa vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, mwingine aeleze kumfikia mfanyabiashara kupitia mwenzake na namna ya kurekebisha upendeleo unaotokana na hapo, wa tatu alete data ya forodha na aonyeshe inachokosa. Hicho ni kikao.

Kinachoua vikao vya waalikwa ni mambo mawili. La kwanza ni urafiki: mratibu anawaita wenzake waliosoma pamoja, kila mmoja anakuja na tasnifu yake, na kinachowaunganisha ni kichwa cha habari kwenye ratiba tu. Dawa ni kuwataka wazungumzaji wote wajibu swali moja lililoandikwa, na wapewe ikisiri za wenzao mapema. La pili ni vikao sambamba. Mkutano wa watu themanini ukigawanywa vyumba vitatu, baada ya kutoa walioko kwenye chai na walioitwa na simu, kila chumba kinabaki na watu kumi na tano, nusu yao wakiwa watoa mada wanaosubiri zamu. Nimekaa vyumba hivyo. Msiendeshe vikao sambamba mpaka ukumbi mkubwa uwe umejaa kweli.

Mada yenye wachangiaji

Hii ndiyo ninayoitetea, na huku kwetu haitumiki inavyostahili.

Desturi yake inajulikana zaidi kwa Jumuiya ya Kifalme ya Takwimu ya Uingereza, iliyoanzishwa London mwaka 1834. Mwandishi haji na slaidi tu. Anakuja na makala kamili, na makala hiyo imesambazwa kabla. Siku ikifika anaisoma kwa ufupi. Kisha anasimama mtu wa kwanza kutoa hoja ya kumshukuru, na wa pili kuiunga mkono. Usidanganyike na hayo maneno ya shukrani: ndani yake ndimo mnamotoka ukosoaji mkali kuliko wote. Ukumbi unafuata. Mwandishi anajibu, na mwishowe makala, michango na majibu vyote huchapwa pamoja.

Juni 1934 Jerzy Neyman alisoma mbele ya jumuiya hiyo makala iliyolinganisha kuchagua sampuli kwa bahati nasibu ndani ya matabaka, yaani makundi ambayo jamii imegawanywa kwanza, na kuichagua kwa makusudi ili "ifanane" na jamii nzima. Aliyetoa hoja ya shukrani alikuwa Arthur Bowley, mzee wa fani hiyo. Akamshukuru, kisha akasema hadharani kwamba hana hakika kama vile vipimo vipya vya Neyman vya kuonyesha makadirio yanaaminika kiasi gani si kiini macho. Fisher naye alikuwepo na akachangia. Leo, mtafiti wa afya ya kaya akifika Rungwe akiwa na orodha ya maeneo yaliyochotwa kwa bahati nasibu ndani ya tabaka la mjini na la vijijini, anatembea juu ya makala ile. Anayeisoma pamoja na michango yake anaona wazi ni wapi watu wenye akili walikuwa hawajaridhika, na hapo ndipo mwanafunzi anapojifunza zaidi. Modeli ya David Cox ya kuchambua muda hadi tukio, kama vile kupona au kufa, ambayo watafiti wa hospitali hawakosi kuitumia wanapofuatilia wagonjwa, nayo ilisomwa na kujadiliwa mbele ya jumuiya hiyohiyo, mwaka 1972.

Mhadhara usiojibiwa hauna nafasi hiyo. Hata ukataliwaji una faida ukiwa wa wazi. Anders Kiær, mkuu wa takwimu wa Norway, alipoupelekea mkutano wa ISI huko Bern mwaka 1895 wazo la kuhesabu sehemu badala ya wote, alipingwa vikali na wakubwa waliosema sehemu haiwezi kushika nafasi ya hesabu kamili. Alirudi nalo kwenye mikutano iliyofuata. Mwaka 1925, Roma, ISI ilikubali.

Tuje nyumbani. Tuseme mgeni wenu anasoma makala kuhusu ufaulu wa hisabati mkoani Iringa. Amepima wanafunzi 600 kutoka shule sita, mia moja kila shule, na matokeo yake yana uhakika wa kupendeza. Kwenye mhadhara mkuu tungepiga makofi. Kwenye mada yenye wachangiaji, mhadhiri wa chuo cha ualimu aliyeisoma makala wiki mbili kabla anasimama na kikokotoo. Wanafunzi wa shule moja wanafanana: mwalimu yuleyule, vitabu vilevile, njaa ileile saa sita mchana. Tuseme kufanana huko ni 0.2 kwenye kipimo cha sifuri hadi moja. Chukua mia moja ya kila shule, toa mmoja, zidisha 99 kwa 0.2, ongeza moja, unapata 20.8. Gawanya 600 kwa 20.8. Zinabaki taarifa za wanafunzi wapatao 29. Ukumbi unanyamaza, halafu unaanza kuandika. Mgeni anajibu kwamba amelishughulikia hilo kwenye ukurasa wa tisa, au anakuna kichwa. Vyovyote vile, kila mtu pale hatasahau tena kuhesabu shule kabla ya kuhesabu wanafunzi.

Au mada ni majaribio ya viazi mviringo. Mchangiaji ni mtafiti wa kilimo wa Uyole, na swali lake ni fupi: bloku zako, yale makundi ya vitalu vinavyolinganishwa pamoja, zimelalaje kwenye mteremko? Mtu aliyezoea mashamba ya tambarare huchora bloku zikishuka kilima kwa sababu zinapendeza kwenye karatasi. Mvua za huku hushusha udongo, chini kunakuwa na rutuba na unyevu zaidi, na bloku moja inabeba ndani yake tofauti ileile iliyowekwa kuiondoa. Bloku ilale kwa kufuata kontua, ipakane na mwenzake wa juu na wa chini. Mkulima wa Isyesye anajua hilo kwa miguu yake. Takwimu inalijua kwa jina lingine. Mchangiaji ndiye anayewakutanisha.

Gharama? Ni mgeni mmoja yuleyule, na wachangiaji wawili au watatu ambao wengi wanalala makwao. Kinachoongezeka ni nidhamu. Makala ifike wiki nne kabla, isambazwe wiki tatu kabla, na kama haikufika, mada hiyo iondolewe kwenye ratiba. Najua hilo ni gumu. Mgeni mkubwa atasema yuko safarini, atatuma slaidi usiku wa kuamkia siku ya mada. Basi mpeni mhadhara wa kawaida, na nafasi ya makala mpeni mtafiti mdogo aliyetimiza miadi. Ugumu mwingine ni heshima zetu. Mhadhiri msaidizi hawezi kwa urahisi kusimama mbele ya mwalimu aliyemfundisha akamwambia hesabu haikai. Ndiyo maana mchango uwe wa maandishi, uombwe rasmi na kamati, na mwandishi auone kabla. Hapo hajavunjiwa mtu heshima, kila mmoja anatimiza alichopangiwa. Na mchangiaji aruhusiwe kuzungumza Kiswahili hata kama makala ni ya Kiingereza. Watu wakiongea lugha wanayowazia, maswali yanakuwa makali na mafupi.

Mafunzo mafupi, na mgeni wa kwenye skrini

Hili si mhadhara hasa, lakini msiliache. Kama mgeni anakaa siku mbili, nusu siku moja awafundishe watu ishirini kwa vitendo, kwa programu ya bure kama R, data ikiwa ndogo na imeshawekwa kwenye flashi kabla, maana kuitegemea intaneti ya ukumbi ni kujitafutia aibu. Muulizeni mapema kama anapenda kufundisha. Wapo wazungumzaji hodari ambao mbele ya mwanafunzi aliyekwama kwenye mabano hawana subira hata chembe.

Kuhusu mhadhara wa mtandaoni: ISI iliendesha mkutano wake wa 2021 wote kwa njia hiyo, kwa hiyo hakuna wa kuuonea haya. Kwa mhadhara mkuu siupendi. Watu huanza kuchati dakika ya kumi. Kwa mada yenye wachangiaji unafaa sana, kwa sababu makala imeshasomwa, wachangiaji wako ukumbini, na mgeni anahitajika kwa dakika 20 za mwanzo na majibu ya mwisho. Umeme ukikatika katikati, mjadala unaendelea bila yeye.

Ningechaguaje

Kama mkutano ni wa kwanza na lengo ni idara ijulikane kwa wadhamini na uongozi, chukueni mhadhara mkuu wala msijilaumu. Jina kubwa hujaza ukumbi. Kama mna hoja ya mkoa inayohitaji ofisi kadhaa kukaa pamoja, kikao cha waalikwa, kimoja tu, bila sambamba. Kama mnataka wanafunzi na watafiti wenu wawe bora mwakani kuliko mwaka huu, mada yenye wachangiaji, pamoja na nusu siku ya mafunzo kama mgeni yupo.

Na mkichagua hii ya mwisho, mtu muhimu kuliko mgeni ni mwenyekiti wa kikao. Asiwe mkuu wa idara aliyepewa kwa cheo. Awe mtu anayeweza kumwambia profesa, "Muda umekwisha, Profesa, tunashukuru," na kumwambia mchangiaji anayeanza na "mimi sina swali, nina nyongeza" kwamba nyongeza zote ziandikwe kwenye karatasi na kukabidhiwa kwa katibu. Mgawanyo wangu kwa saa moja na nusu ni huu: mwandishi dakika 25, wachangiaji wawili dakika 12 kila mmoja, ukumbi 25, majibu 16. Karatasi za nyongeza katibu azikusanye zote na kumtumia mwandishi ndani ya wiki hiyohiyo, na majibu yake yaingie kwenye kitabu cha mkutano chini ya jina la kila aliyeuliza.